Mtani Akishikwa na Kiu



Msimu wa vuli ukiingia hapa Marekani, Jumamosi hubadilika. Magari hupita na bendera za vyuo, majirani huvaa jezi tangu asubuhi, na hata ndani ya nyumba zetu vijana hugawanyika: huyu wa chuo hiki, yule wa chuo kile. Wazazi waliozaliwa Bukavu, Kigoma, Bujumbura au Mombasa hushangaa kidogo mwaka wa kwanza, halafu na wao huchagua upande. Hatuoni ubaya. Lakini ndani ya shangwe hiyo mna swali ambalo tungependa kulitafakari pamoja juma hili: tuna wajibu gani kwa yule tunayeshindana naye? Tukiwa na kitu kinachotufaa sisi, na ambacho kingemfaa yeye pia, je, tuna haki ya kumficha?

Swali hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo imo ndani ya zile chupa za rangi ya kijani na ya machungwa ambazo watoto wetu hurudi nazo kutoka mazoezini.

Kinywaji kilivyozaliwa

Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida mjini Gainesville, kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani, Dwayne Douglas, aliwauliza madaktari wa chuo swali ambalo wengine wangeona haya kuliuliza: kwa nini wachezaji hawaendi kukojoa wakati wa mechi? Swali hilo likamfikia Dk. Robert Cade, bingwa wa magonjwa ya figo. Jibu lilikuwa rahisi, lakini la kutisha. Vijana walicheza kwenye joto la Florida wakiwa wamevaa helmeti na kinga nzito za mabega, wakatoka jasho mpaka mwili ukakosa maji ya kupeleka kwenye kibofu. Mchezaji aliweza kupoteza kilo kadhaa katika mechi moja, na karibu uzito wote huo ulikuwa maji.

Siku hizo makocha wengi waliamini kwamba kumnyima kijana maji mazoezini ndiko kumkomaza. Mwaka 1954 kocha Bear Bryant wa chuo cha Texas A&M aliwapeleka wachezaji wake katika mji mkavu wa Junction, huko Texas, akawafanyisha mazoezi kwa siku kumi kwenye jua kali bila kuwaruhusu kunywa maji uwanjani. Wengi walitoroka, na mmoja nusura afe kwa joto. Kambi ile iliendelea kusimuliwa kwa miaka mingi kama hadithi ya ushujaa.

Cade na wenzake watatu, Dana Shires, Jim Free na Alejandro de Quesada, walimwomba kocha mkuu, Ray Graves, ruhusa ya kuwapima wachezaji. Graves aliwakubalia wachezaji wa mwaka wa kwanza tu, kwa sababu hakutaka kuhatarisha wale anaowategemea. Vipimo vilionyesha kwamba chumvi za mwili zilikuwa zimevurugika, sukari ya damu imeshuka na kiasi cha damu chenyewe kimepungua. Basi wakachanganya maji, chumvi na sukari ili kurudisha kilichopotea. Ladha yake ilikuwa mbaya mno. Mary, mke wa Cade, ndiye aliyeshauri watie maji ya limau.

Wakawapa wale wa mwaka wa kwanza katika mechi ya mazoezi dhidi ya timu ya pili ya chuo. Kipindi cha kwanza walikuwa nyuma. Kipindi cha pili wapinzani wao walichoka, wao wakaendelea kukimbia. Graves alipoona hivyo akaomba kinywaji hicho kitengenezwe kwa ajili ya mechi ya siku iliyofuata, tarehe 2 Oktoba 1965, dhidi ya chuo cha LSU kutoka Louisiana. Florida ikashinda 14 kwa 7. Januari 1967, katika mechi ya Orange Bowl mjini Miami, Florida iliishinda Georgia Tech 27 kwa 12, na kocha wa Georgia Tech, Bobby Dodd, akasema wazi kwamba tofauti ilikuwa kile kinywaji ambacho wao hawakuwa nacho. Timu ya Florida huitwa Gators, yaani mamba, na kinywaji kikapewa jina la mamba hao: Gatorade.

Siri ya ushindi na siri ya uhai

Hapa ndipo swali letu linapoanza kuuma. Kocha Dodd alikuwa akilalamika au akieleza tu? Na je, Florida ilishinda kwa haki?

Wako watakaojibu haraka kwamba mashindano ni maandalizi. Timu inayolala mapema, inayokula vizuri na kujifunza mbinu mpya inastahili matunda ya bidii yake, na hakuna kocha anayempelekea mwenzake daftari lake la mbinu usiku wa kuamkia mechi. Tunakubaliana nao. Mwanafunzi aliyekesha akisoma hamdhulumu aliyelala. Bila siri na bila bidii, mchezo wenyewe ungekosa maana.

Lakini maji si mbinu. Mbinu ikikosekana, mtu anafungwa. Maji yakikosekana, mtu anaanguka, na wengine hawainuki tena. Kwa hiyo tunaona mpaka upo, na mpaka huo haupo kati ya timu na timu. Upo kati ya kushindwa na kudhurika. Kumtakia mpinzani ashindwe ni sehemu ya mchezo. Kumtakia adhurike, au kunyamaza ukijua anadhurika, ni jambo jingine kabisa, hata kama ubao wa matokeo utaandika namba zile zile.

Ugumu wa kinywaji cha Florida ni kwamba kilisimama pande zote mbili za mpaka huo. Kilimfanya mchezaji ashinde, na pia kilimlinda asizimie. Ndiyo maana hatuwezi kulimaliza jambo hili kwa sentensi moja. Tunachoweza kusema ni kwamba ushindi unaopatikana kwa sababu mwenzako kazidiwa na joto ni ushindi wa jua kuliko wa timu. Waswahili wana methali inayosema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tungeongeza kwamba hata anayeshinda awe na mtu aliyesimama wa kumpa mkono.

Kwa bahati, siri hiyo haikudumu. Mwaka 1967 kampuni ya Stokely-Van Camp ya Indianapolis ilipata haki ya kukitengeneza na kukiuza, na siku hizi vyuo vinavyochukiana kwa maneno hunywa kutoka katika mapipa yenye jina la mamba wa Florida. Biashara ilikifikisha kwa kila aliyeweza kulipa, na hilo ni jema. Ila pesa zilileta ugomvi mpya. Chuo na watafiti walifikishana mahakamani kugombania nani mwenye mali, wakapatana mwanzoni mwa miaka ya 1970: chuo kipate asilimia 20 ya mrabaha. Tangu hapo kimepokea zaidi ya dola milioni 250, na nyingi zimekwenda katika utafiti. Hatuwalaumu watafiti kwa kulipwa. Mfanyakazi anastahili ujira wake. Tunaona tu kwamba ugomvi mkali kabisa juu ya kinywaji hicho haukuwa kati ya watani wa uwanjani. Ulikuwa ndani ya nyumba moja.

Upande wetu ulitoka wapi?

Mtu anaweza kutuambia: wajibu wangu ni kwa watu wa upande wangu, wa upande wa pili wana wa kwao. Maneno haya yanasikika kuwa ya hekima, lakini tuulize kwanza hizo pande zilitoka wapi.

Mashindano ya kwanza kati ya vyuo vya Marekani yalikuwa ya ngalawa za makasia, Harvard dhidi ya Yale, mwaka 1852 kwenye Ziwa Winnipesaukee katika jimbo la New Hampshire. Aliyeyagharamia alikuwa kampuni ya reli, iliyotaka wasafiri wengi zaidi kwenye treni zake. Vijana walipiga makasia, watu wakanunua tiketi, na uhasama ambao leo unaitwa wa heshima ukaanza. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Miaka 17 baadaye, tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers na Princeton walicheza mechi ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli kati ya vyuo. Rutgers walishinda 6 kwa 4.

Huko Florida kwenyewe, chuo cha Florida na cha Georgia hawakubaliani hata juu ya siku walipoanza kushindana. Georgia huhesabu mechi ya mwaka 1904, waliyoshinda 52 kwa 0. Florida husema chuo chao kama kilivyo leo kilikuwa hakijaanzishwa, kwa hiyo hesabu ianzie 1915. Na Florida State, ambao leo ndio wanaotajwa kwanza mtu akiuliza adui wa Florida ni nani, kilikuwa chuo cha wanawake mpaka mwaka 1947, na timu hizo mbili zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Uhasama huo ambao vijana husema ni wa tangu zamani za kale, bibi zetu wengine ni wakubwa kuliko huo.

Lipo jambo zito zaidi. Timu ile ya Florida ya mwaka 1965, iliyopewa kinywaji kipya, haikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi. Wa kwanza kupewa ufadhili wa kuichezea timu hiyo, Leonard George na Willie Jackson, walipatikana mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa maneno mengine, watoto wetu ambao leo huvaa jezi hiyo na kuimba "sisi", wangezaliwa miongo kadhaa kabla wasingehesabiwa katika "sisi" hiyo. Mpaka wa upande wetu umesogea, na utasogea tena. Ikiwa wajibu wa kumwonea mtu huruma unakomea kwenye mpaka huo, basi hapo zamani hakuna aliyekuwa na wajibu kwetu. Hatuamini hivyo. Tunaamini waliotuacha nje walikosea siku ile ile, si baada ya sheria kubadilika.

Chumvi, sukari na maji bila mwenyewe

Miaka hiyo hiyo, mbali na viwanja vya Florida, mchanganyiko wa namna hiyo ulikuwa na safari nyingine. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza jinsi sukari na chumvi zinavyoingia pamoja katika ukuta wa utumbo na kuvuta maji. Watafiti wa Dhaka na Kolkata walilitumia jambo hilo kwa wagonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1971, vita vya kuzaliwa Bangladesh vilipowakimbiza mamilioni kuingia India, kipindupindu kikalipuka katika kambi ya Bangaon. Dripu zilikuwa zinakwisha. Dk. Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi na sukari zipimwe na kufungwa katika pakiti, zikorogwe kwenye maji safi, kisha ndugu wa wagonjwa wenyewe wanyweshe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Hakuna aliyejipatia utajiri kwa pakiti hizo, na leo zinapatikana karibu katika kila zahanati duniani.

Wapo miongoni mwetu wasiohitaji kusimuliwa. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka na kuingia Goma, kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ndani ya majuma machache. Katika foleni zile za maji walisimama watu wa kila namna, wengine wenye damu mikononi na wengine wasio na kosa lolote, wakiwemo watoto wachanga. Aliyeshika kikombe hakuwa na namna ya kuchagua, na wengi waliofanya kazi ile hawakutaka kuchagua. Wengine wataendelea kubishana kama ilikuwa sawa kulisha kambi ambamo wauaji walijificha, na ubishi huo ni wa haki. Lakini mtoto aliyekauka midomo hakuwa upande wowote, na kila mtu, akishakauka midomo, hurudi kuwa kama mtoto yule.

Tuseme neno la nyumbani hapa kabla hatujaendelea. Vinywaji hivi viwili ni ndugu, ila si kitu kimoja. Chupa ya kawaida ya kinywaji cha wanamichezo ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na chumvi yake ni kidogo kuliko ile ya pakiti za hospitali. Mtoto akiharisha, tumpe mchanganyiko wa duka la dawa na tumwone daktari. Mtoto aliyeketi mbele ya televisheni anatosheka na maji.

Mtani si adui

Kiswahili kimeshatupa neno la kutusaidia. Huko Tanzania, mechi ya Simba na Yanga ikikaribia, magazeti hayaandiki kwamba maadui watakutana. Huandika "watani wa jadi". Kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao neno hilo ni geni kwao, utani ni desturi ya zamani kati ya makabila, koo na hata babu na wajukuu. Mtani wako ana ruhusa ya kukudhihaki mbele za watu, kukuita mlafi, hata kukuchukulia kitu chako akicheka, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini utani una upande wa pili. Ukifiwa, mtani ndiye anayefika mapema, anayeshughulika na mazishi na kuwachekesha waliolia mpaka wakachoka. Inasemekana baadhi ya utani huo ulizaliwa baada ya vita, kati ya watu waliokuwa wakiuana, wakaamua kwamba tangu siku ile watapigana kwa maneno tu.

Hayo ndiyo tunayoyaona kuwa jibu la swali letu. Ushindani ulio mwema ni utani. Una kelele, una dhihaka, una hamu ya kweli ya kushinda, na una sharti moja lisilovunjwa: mwenzako akifikwa na jambo la uhai, mchezo unasimama. Ushindani uliopoteza sharti hilo umekuwa uadui, hata kama bado unavaa jezi na kuimba.

Kinywaji tulicho nacho sisi

Sasa tujiulize wenyewe. Wengi wetu hatutaitwa kamwe kumpa mchezaji wa LSU kikombe cha maji. Lakini tunashindana. Kwaya na kwaya, jumuiya ya nchi hii na jumuiya ya nchi ile, familia na familia. Na kila mmoja wetu ameshika kikombe cha aina fulani. Yupo anayejua jinsi ya kujaza fomu za msaada wa masomo ya chuo na tarehe ya mwisho wake. Yupo anayemjua mwanasheria mwaminifu wa mambo ya uhamiaji, na anayejua yule anayekula pesa za watu bure. Yupo anayejua kiwanda kinachoajiri, na kile ambacho mashine zake hukata vidole. Yupo anayejua zahanati inayomtibu mtu asiye na bima.

Katika mambo hayo, yapi ni siri za ushindi na yapi ni siri za uhai? Mwimbishaji wa kwaya akitunza wimbo wake mpya mpaka siku ya tamasha, hakuna aliyedhulumiwa. Na aucheze wimbo wake, wengine wakae wapige makofi. Lakini mama akijua tarehe ya mwisho ya ufadhili, akanyamaza ili mtoto wa jirani asimpite wa kwake, hapo hajalinda mbinu. Ameficha maji. Mtu akimwona mwenzake wa kabila lingine anakwenda kwa mwanasheria tapeli, akasema moyoni "wana wa kwao watamwambia", naye amekaa upande wa jua.

Mtu atauliza: na mwanangu je? Nafasi zikiwa chache, nikimwambia jirani si nampunguzia wangu? Swali hilo ni la haki, na hatutaki kulijibu kwa wepesi. Mara nyingine ni kweli, mtoto wa jirani atapita na wako atabaki. Hiyo ndiyo gharama, na anayesema haipo hajawahi kulea. Lakini tumpime mtoto kwa kitu gani? Tukimfundisha kwamba alishinda kwa sababu mwenzake hakuambiwa, tumempa nafasi na kumnyang'anya ushindi. Atajua. Watoto hujua. Na siku yeye atakapokuwa mgeni katika mji mwingine, akihitaji mtu wa kumwambia mlango uko wapi, atakuwa amejifunza kwetu kwamba watu hawaambiani.

Basi vijana wetu waendelee na jezi zao. Wabishane juu ya 1904 na 1915, wataniane kwa mabao, wanune hadi Jumatatu kama timu imefungwa. Sisi wazazi tuwafundishe jambo moja tu juu ya hilo: mpinzani akianguka kwa joto, wa kwanza kumfikia na maji awe wetu. Kisha akishanywa na kusimama, waendelee kucheza, na wajitahidi kumshinda.